Kabla Hujavuka Mwamba wa Jambiani

Vijana wanaoshuka Jambiani kutoka mjini, mbao zao zimefungwa juu ya paa la daladala, huniuliza swali moja: kesho wimbi mita ngapi? Nami huwauliza: leo mwezi ngapi? Hutazamana. Mmoja hutoa simu, akanijibu kuwa ni mwezi wa nane, tarehe kumi na mbili. Sikuuliza hiyo. Nauliza mwezi wa angani, ule ambao kina mama wanaokwenda mwani wanaujua bila kufungua kalenda, kwa sababu ndio unaoamua kama mwambani kutakuwa na maji ya kukubeba au jiwe la kukupokea.

Nayaandika haya kwa anayetaka kutoka nje ya mwamba kupanda mawimbi, na kwa rafiki yake atakayebaki ndani ya boti akishika kamera. Nimechukua Jambiani kwa kuwa ndiko ninakokwenda miaka yote hii, ila ukiwa Paje, Bwejuu au Matemwe, au ukivuka ukafika Diani na Watamu upande wa Kenya, mengi yatakufaa. Pwani yetu imekaa kwa namna moja: mchanga, kisha maji mafupi ya ndani, kisha mwamba, kisha kilindi.

Utaratibu wangu ni maji kwanza, upepo pili, wimbi tatu. Programu za simu huupindua. Hukuwekea urefu wa wimbi juu kabisa kwa tarakimu kubwa za rangi, upepo chini yake, na habari za maji kujaa na kupwa huzificha mahali ambapo lazima ubonyeze mara mbili kuziona. Zimetengenezwa na watu wa fukwe za mchanga, nadhani. Kwenye mchanga ukianguka unakula mchanga.

Tuanze na maji basi. Mwamba wa Jambiani uko zaidi ya kilomita moja kutoka ufukweni. Maji yakijaa huuoni. Unaona mstari mweupe wa povu tu, na usiku unausikia. Yakipwa wakati wa bamvua watu huenda kwa miguu kuchokoa pweza, na pale ulipokuwa umelala juu ya ubao alfajiri panabaki matumbawe yaliyosimama kama meno. Katika bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa kwenye pwani yetu hukaribia mita 4. Siku za maji mafu, tofauti hiyo hupungua ikawa mita moja na kidogo. Wimbi nalo huvunjika linapofika penye kina kinachouzidi urefu wake kwa kiasi kidogo: la mita 1.5 huvunjika penye maji ya mita 2 hivi, na likikutana na ukingo wa mwamba unaopanda ghafla huweza kuvunjika penye maji mafupi zaidi ya hapo. Hesabu hizo ziweke pamoja. Mita moja ya maji ikitoka mwambani, wimbi lile lile ulilolipanda kwa raha saa moja iliyopita sasa linamwagika juu ya jiwe.

Na mita hiyo moja hutoka upesi kuliko watu wanavyodhani. Maji hayapungui kwa mwendo mmoja. Gawa kupwa kote mafungu 12: saa ya kwanza hutoka fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwenye bamvua ya mita 4, saa ya tatu peke yake inaondoka na mita nzima, na ya nne inaondoka na nyingine. Mgeni huingia maji yakiwa yamejaa, saa mbili za mwanzo haoni mabadiliko makubwa, akapata imani, kisha ghafla kila kitu kinageuka. Si ghafla. Ilikuwa hesabu.

Saa za maji zetu hazina ugumu kwa anayejua mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, yaani siku za bamvua, maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku huchelewa: siku za bamvua huchelewa kama dakika 35 au 40, na yakikaribia maji mafu huchelewa zaidi ya saa nzima. Kwa hiyo mwezi 15 maji yakijaa saa kumi alfajiri na dakika chache, mwezi 20 yatajaa kwenye saa moja na robo asubuhi, na mwezi 22 yatajaa saa tatu na nusu. Nusu ya kwanza ya mwezi ni hivyo hivyo: mwezi 5, 6, 7 na 8. Chukua jedwali la maji uhakikishe, maana hii ni kanuni ya kichwani na mwandamo wenyewe hubishaniwa kila mwaka. Kumbuka pia kwamba jedwali linazungumzia bahari ya wazi. Ndani ya mwamba maji huchelewa kutoka, kwa kuwa mwamba huyazuia kama kizingiti cha mlango.

Upepo sasa, na hapa ndipo Jambiani panapokuwa pagumu kidogo, kwa hiyo nivumilie.

Pwani hii inatazama mashariki. Kusi hutoka kusini mashariki, kaskazi hutoka kaskazini mashariki, na zote mbili humfikia mpanda mawimbi kwa mshazari kutoka baharini. Upepo wa namna hiyo hulisukuma wimbi mgongoni, likamwagika kabla ya wakati wake, na uso wake ukajaa makunyanzi. Watu wa kaiti wanaupenda, na ndiyo maana Paje imejaa kaiti kama soko la mitumba. Wewe mwenye ubao unataka upepo unaotoka nchi kavu kwenda baharini, unaolizuia wimbi lisianguke mapema na kuupiga pasi uso wake. Upepo huo tunao. Wavuvi wanauita umande, na ndio unaowatoa nje na matanga yao kabla jua halijapanda. Huvuma usiku wa manane hadi asubuhi, kwa sababu nchi kavu hupoa upesi kuliko bahari. Kusi ikiwa kali mwezi Juni na Julai, umande hauna nguvu ya kuigeuza, ila huipunguza makali. Kwa vyovyote dirisha lako ni kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi. Baada ya hapo jua huipasha nchi, upepo wa baharini huungana na kusi, na ukifika saa nane mchana mwamba wote ni povu lisilo na mpango.

Yaweke mawili hayo pamoja, maji na dirisha la asubuhi, uone jinsi siku za kwenda zinavyojichagua zenyewe. Katika bamvua, saa kumi na mbili alfajiri maji yameshaanza kutoka, na saa tatu mwamba unakaribia kutokeza. Upepo mzuri unao, lakini maji yanakukimbia. Jioni ya bamvua maji yanajaa vizuri saa kumi, lakini upepo umeshaharibu kila kitu. Ukisogea hadi mwezi 19, 20, 21 au 22, maji yanajaa asubuhi hiyo hiyo ambayo upepo umelala. Unaingia yakiwa yanapanda, unacheza kwenye kilele, unatoka kabla hayajafika saa ya tatu ya kupwa. Nimeona watu wakitumia fedha nyingi za ndege kuja Unguja wiki ya mwezi mpevu kwa sababu ya picha za mbalamwezi. Wiki moja baadaye wangepata mawimbi.

Mbalamwezi ni nzuri, sikatai.

Sasa wimbi, lile walilouliza mwanzo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa baharini, na maneno yake umeyasikia redioni: upepo mkali unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayozidi mita 2. Ikitoa angalizo la namna hiyo kwa pwani ya Unguja na Pemba, usibishane nalo. Boti ndogo hazitakiwi nje, na ubao wako haufiki hata kwenye boti ndogo. Lakini siku ambazo hakuna angalizo ndizo zinazohitaji akili. Urefu unaotajwa kwenye utabiri ni wastani wa theluthi ya mawimbi makubwa. Ina maana kwamba ndani ya saa chache za kukaa nje utakutana na moja au mawili yanayokaribia maradufu ya urefu huo. Ukiambiwa mita 1.5, panga safari yako kwa ajili ya lile la karibu mita 3 litakalokuja ukiwa umekaa mahali pabaya.

Kisha tazama sekunde. Karibu na urefu, programu nyingi huandika sekunde zinazopita baina ya wimbi moja na linalofuata, na watu wengi huziruka kwa jicho. Wimbi linalozaliwa na kusi ya hapa hapa huwa na sekunde 6 hadi 9. Ni fupi, limechafuka, likifika mwambani haliongezeki sana. Wimbi la mbali, lililozaliwa na dhoruba za kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi, huja na sekunde 13, 14, hata 16. Hilo lina mizizi mirefu. Wimbi la sekunde 8 lina kama mita 100 kutoka kilele hadi kilele kwenye kilindi. La sekunde 14 lina mita 300. Likianza kuugusa mwamba huumuka. La mita 1.2 kwenye simu linaweza kusimama mita 2 mbele ya uso wako, na huku likiwa na uzito wa maji ambao lile la upepo halina. Bahati yetu ni kwamba kisiwa cha Madagaska hutukinga na sehemu kubwa ya mawimbi hayo. Watu wa Réunion hawana kinga hiyo.

Wimbi la mbali lina adabu moja: hupiga hodi. Yale yenye sekunde nyingi husafiri upesi zaidi, kwa hiyo hutangulia. Nguvu ya wimbi la sekunde 14 hutembea karibu kilomita 40 kwa saa, yaani dhoruba iliyo umbali wa kilomita 4,000 hukufikia baada ya siku nne hivi. Ukiona simu inaonyesha Jumatatu mawimbi madogo ya sekunde 16, nusu mita tu, usiseme bahari imelala. Hao ni watangulizi. Jumanne na Jumatano urefu utapanda na sekunde zitashuka kidogo kidogo. Pia huja kwa makundi: matano au saba mfululizo, kisha kimya cha dakika kumi au robo saa. Kimya hicho ndicho kinachomdanganya mgeni aliyefika na boti, akatazama dakika tano, akasema leo pametulia. Kaa nusu saa. Mimi hukaa nusu saa hata nikiwa nimeshalipa boti, na nahodha amenizoea.

Kuna mambo ambayo simu haikuambii hata ungeilipia. Amka kabla ya adhana ya alfajiri, toka uani, sikiliza. Mwamba ukisikika kama gari kubwa linalopita mbali bila kukoma, hilo ni wimbi la upepo. Ukisikia kishindo, kisha kimya kirefu, kisha kishindo tena, hilo ni wimbi la mbali, na linavunjika kwa uzito. Tazama mwelekeo wa moshi wa jikoni kwa jirani. Ukienda kulala na televisheni ikasema mgandamizo mkubwa wa hewa kusini mwa Afrika unaimarika, jua kwamba ndani ya siku moja au mbili kusi itaongezeka, na umande wako wa asubuhi utakuwa mnyonge.

Niliyoyasema kuhusu maji na sekunde niliyalipia kwa ngozi ya mgongo. Ilikuwa mwezi 16, katika kusi, asubuhi ambayo simu ilisema mita 1.2, upepo mdogo. Kulikuwa na sekunde 14 chini yake. Niliziona na sikuzipa uzito. Tulitoka saa kumi na mbili na nusu na nahodha mmoja mzee wa kijijini, boti ya mashine ndogo. Aliniambia, "Mwanangu, saa mbili tuwe ndani." Nikaitikia. Mawimbi yalikuwa mazuri kupita kawaida, marefu, yamesimama, na saa mbili ilipofika nilimwonyesha kidole kimoja: moja tu, la mwisho. La mwisho lilikuja saa mbili na nusu. Nilisimama vizuri, nikatazama chini mbele ya ubao, nikaona rangi imebadilika kutoka bluu kuwa kahawia, na katikati ya kahawia hiyo nikaona pweza wa mtu, namaanisha shimo la pweza lenye kijiti cha alama alichokichomeka mvuvi. Nilikuwa napita juu ya mahali ambapo mtu angekuja kusimama baada ya saa moja. Nilijitupa nyuma. Mwamba ulinipokea kuanzia bega hadi kiuno.

Lakini lililonifundisha ni lililofuata. Mlango, yaani ule mwanya wa mwamba ambao boti hupitia, ulikuwa hauingiliki tena. Maji yote yaliyokuwa ndani, kutoka Jambiani hadi sijui wapi, yalikuwa yakitafuta njia ya kutoka, na njia ni ile moja. Mkondo unatoka kuelekea mashariki, kusi imeanza kuvuma ikija kinyume chake, na baina yao maji yamesimama kama ukuta unaochemka. Mawimbi yaliyokuja kila dakika kumi na tano yalikuwa yanaufunga mlango mzima. Nahodha aliutazama mara moja, akazima mashine, akatia nanga nje ya povu. Tulikaa hapo zaidi ya saa nne. Hatukuwa na maji ya kunywa kwa sababu mimi ndiye niliyeambiwa nibebe. Yalipoanza kujaa na mkondo kulegea, tuliingia, saa saba mchana, jua limenichubua upande ambao mwamba haukunichubua. Njiani alisema maneno machache tu: "Nilikwambia saa mbili. Hiyo moja ya mwisho ni yako, si yangu." Kisha akanivua fulana iliyogandia mgongoni, polepole, kama anamenya muhogo wa kuchemsha.

Kwa hiyo kuhusu mlango, haya. Maji yakitoka, mkondo hutoka. Hilo kila mtu analijua. Ambalo wengi hawalijui ni kwamba hata maji yakijaa, siku ya mawimbi makubwa mkondo unaweza kuendelea kutoka, kwa sababu mawimbi humwaga maji ndani kwa juu ya mwamba bila kukoma na maji hayo lazima yarudi. Usiogelee karibu na mlango, usisubiri wimbi karibu nao, na kabla hujaingia majini chukua alama mbili za nchi kavu zinazofuatana, mnazi mrefu mbele ya mnara wa msikiti kwa mfano, kama wavuvi wanavyofanya kutafuta majira yao. Kila baada ya wimbi, zitazame. Zikiachana, unachukuliwa, hata kama hujisikii kwenda popote.

Ukishachukuliwa, usipige makasia ya mikono kupambana na mkondo uso kwa uso, hakuna aliyeshinda. Kaa juu ya ubao, kata kwa ubavu, sambamba na mwamba. Hapo una njia mbili na maji ndiyo yanayochagua. Mwamba ukiwa na maji ya kutosha, sogea mpaka kwenye povu, lala kifudifudi, povu litakusukuma hadi maji ya ndani. Mwamba ukiwa mfupi, baki nje. Narudia, baki nje, uinue mkono, boti ikujie, hata kama mtasubiri maji yajae. Kiu ya saa nne inatibika kwa dafu moja.

Usitoke bila nahodha wa pale pale. Simaanishi mwenye boti. Namaanisha anayeujua mwamba ule. Kijana mwenye mashine mpya na miwani ya jua ufukweni anaweza kuwa wa Nungwi, na mlango wa kwao si mlango wa hapa. Mwulize swali dogo: tukiingia sasa hivi, tutatoka saa ngapi na kwa nini? Akikujibu kwa kutaja maji, umepata mtu. Akikujibu "hakuna shida," tafuta mwingine. Mkubaliane bei na muda kabla ya kupanda, na muda huo uwe wake. Mwachie mtu wa nchi kavu taarifa kwamba mmetoka wangapi na mnarudi lini.

Vya kubeba si vingi: maji ya kunywa, lita mbili kwa kila mtu, filimbi, simu ndani ya mfuko usioingiza maji, fulana ya mikono mirefu, viatu vya mpira vya kuvukia maji ya ndani, na kamba ya mguuni uliyoikagua jana na si leo. Unapovuka maji ya ndani yakiwa nusu, jihadhari na vijiti vya mashamba ya mwani. Vinakuwa chini kidogo ya uso wa maji, vimechongoka, na ni riziki ya mtu. Zunguka.

Ukichubuliwa na matumbawe, kidonda hicho si cha kudharau. Vipande vidogo hubaki ndani na huoza. Osha kwa maji safi na sabuni, kwa muda mrefu kuliko unavyotaka, ukisugua taratibu hadi chembe zote zitoke. Vijana hukamulia ndimu na kupiga kelele. Kelele ndiyo faida pekee niliyoiona. Nenda kituo cha afya ukaulize habari ya chanjo ya pepopunda, na kidonda kikianza kuwa chekundu kwa kuenea, au ukipata homa, rudi siku hiyo hiyo.

Kuhusu mwaka mzima nitapita haraka, kwa sababu mwaka mmoja haufanani na mwingine. Kaskazi, Desemba hadi Machi, mawimbi ni madogo na ya sekunde chache. Wakati huo ni wa kaiti na wa kujifunza kusimama. Mawimbi yenye uzito yakitokea kipindi hicho, uliza yametoka wapi, kwani huenda kuna kimbunga kusini. Vimbunga havitufikii mara nyingi kwa kuwa tuko karibu na ikweta, ila hufika: Lindi ilipigwa mwaka 1952, Kenneth kiliishukia Cabo Delgado nchini Msumbiji Aprili 2019, Jobo kilitukaribia Aprili 2021 kikanyong'onyea, na Hidaya kilifika pwani ya Tanzania Mei 2024. Masika ina asubuhi za utulivu mtupu, lakini ukiona ukuta wa wingu jeusi na upepo umekata ghafla, toka majini, boti iingie ndani. Juni hadi Agosti mawimbi ni makubwa na upepo ni adui. Septemba na Oktoba kusi inachoka, mawimbi bado yapo, asubuhi zinarefuka. Ningekuwa na likizo moja tu kwa mwaka ningeitia hapo, kwenye mwezi 20.

Na kwa kuwa nimewahubiria sana, niwaonyeshe ninavyofanya mwenyewe wiki hii. Leo ni mwezi 17, mwisho wa Septemba. Hakuna angalizo lolote redioni. Simu inatoa mita 1.4 za sekunde 8 kutoka kusini mashariki kwa kesho, upepo kilomita 20 kwa saa asubuhi na 30 mchana. Kesho siendi: maji yatakuwa yanatoka dirisha lote, na wimbi lenyewe ni la upepo. Kuanzia kesho kutwa naona mstari wa pili chini ya ule wa kwanza, nusu mita tu, sekunde 15, kutoka kusini. Watangulizi. Mwezi 20 mstari huo unafika mita 1, sekunde 14, na upepo wa alfajiri umeandikwa kilomita 10. Maji yatajaa saa moja na robo. Kwa hiyo tutatoka saa kumi na mbili yakiwa bado yanapanda, tutakaa nje ya povu nusu saa bila kugusa ubao, na saa tatu kasoro robo tutakuwa tumeshapita mlango kurudi ndani. Nimempigia nahodha, yule yule. Amesema nije na mafuta lita tano na maji ya kunywa, na akayataja maji ya kunywa mara mbili.